Watu Wasio na Msiba

Mama Eliaichi tumemzika mwezi uliopita, na turubai lililowakinga waombolezaji lilikuwa langu. Sikulikodisha. Nilipeleka lile jeupe jipya ambalo wenye nyumba za Njiro hulipigania kila Desemba, nikapeleka viti vyenye vitambaa na masufuria yangu makubwa, na jiko nikalisimamia mwenyewe ingawa nina vijana wa kutosha wa kuwatuma. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Cheti chenyewe sijui kilipo. Lakini muulize mtu yeyote kuanzia Sokon One mpaka Elerai, shughuli kubwa hapa mjini inapikwa na nani, atanitaja kabla hujamaliza kuuliza. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Wajukuu wa ukoo pale msibani walinipokea kwa heshima zote, shikamoo mkurugenzi, karibu mkurugenzi, wakanikalisha mbele karibu na mchungaji. Niliwaona wanatazamana pale mimi, mtu mzima mwenye kofia ya Kiislamu, nilipoanza kumlilia bibi wa Kimeru wa Kilutheri kuliko hata wao. Waliokuwa wanajua sababu, wengi wao nao wamezikwa kwenye migomba ileile. Kwa hiyo nitaeleza mimi. Habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani zitangoja; hazina uzito wa mwaka ule mmoja.

Mwaka wenyewe ni ule ardhi ilipotikisika. Masika ilikuwa inakaribia kwisha, mlima wa Meru umekunywa maji mpaka umeshiba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba cha uani Kaloleni, kwenye nyumba ya Bi Zulfa, mpishi wa shughuli niliyekuwa nikimsaidia kazi. Kilikuwa chumba cha kulala na masufuria: kitanda changu upande huu, upande ule masufuria yamepangana mpaka karibu na dari, na harufu ya binzari imeingia mpaka kwenye godoro. Asubuhi ile masufuria yalianza kulia yenyewe. Kwanza yakagongana polepole kama mtu anayetafuta kitu, kisha yote yakaniangukia. Nilitoka nje na kaptula, nikamkuta Bi Zulfa amesimama katikati ya ua ameshika nguzo ya kamba ya kuanikia, anasoma dua kwa sauti. Mjini kwetu ziliharibika kuta chache, na ilipofika mchana watu walikuwa wanataniana barazani nani alikimbia amevaa nini. Mimi mwenyewe nilicheka. Jioni wakaanza kushuka watu wa mlimani na habari kwamba kule juu, kijiji cha akina Mama Eliaichi na vya jirani, nyumba zimelala, na upande mmoja wa mteremko umeteleza ukaingia korongoni pamoja na kahawa, migomba, ng'ombe na watu.

Msaada ulikwenda haraka, hilo lazima niliseme. Magari meupe yalipanda, malori yakapanda. Unga, maharage, mafuta ya kula, mablanketi. Halafu ikaja habari ya ajabu sokoni: watu wa mlimani wana njaa lakini chakula hawakigusi. Kila mtu akawa na maelezo yake. Mwenye duka la jirani alisema wanaogopa unga una dawa. Kinyozi alisema ni kiburi tu, Wameru wamezoea ndizi, ugali wa msaada wanauona wa wafungwa. Ukweli tuliuletewa na Godlisten, Mchaga mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye shirika lililogawa chakula. Alikuja mwenyewe mpaka uani, viatu vimejaa tope, akakataa kiti, akakubali maji. Akatueleza kwamba kule nyumba yenye maiti haiwashi moto mpaka mtu wake azikwe. Wanaopika ni majirani. Nyumba ikifiwa, nyumba nyingine ndizo zinaleta chakula cha moto, na ndivyo imekuwa tangu zamani. Sasa mara hii zimefiwa zote. Kila nyumba inangoja jirani, na jirani naye anangoja. Watoto wanakula ndizi mbivu, magunia ya unga yameegemezwa ukutani, mafiga yamepoa.

Bi Zulfa akamuuliza anataka nini kwake. Godlisten akasema, "Natafuta watu wasio na msiba."

Nimeshapika kwenye semina nyingi za mashirika, hoteli kubwa zote za mji huu zinanijua. Nasimama nyuma ya meza na kofia yangu nyeupe, nawasikia wataalamu wanavyoongea juu ya walengwa na mahitaji. Maneno mazuri, sikatai. Lakini sijawahi kusikia hitaji limetajwa kwa ufupi kama alivyolitaja Godlisten pale uani akiwa na gilasi ya maji mkononi. Bi Zulfa hakuuliza malipo wala muda. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mnene, mwenye ulimi mkali, na shughuli ya harusi mbili alikuwa ameshachukulia malipo ya awali. Aliniambia, "Rama, toa masufuria," basi.

Tulipika kwenye uwanja wa shule. Madarasa yalikuwa na nyufa unazoweza kuingiza mkono, ila moja lilikuwa la mbao, tukapewa hilo la kulala. Ubaoni kulikuwa bado na hesabu za mwalimu, hakuna aliyezifuta. Siku ya kwanza Bi Zulfa alipika alichokuwa anakijua kuliko wote, pilau. Watu walikula kimya, wanaume wamekaa kwenye nyasi na makoti yao ya kanisani, wanawake upande wa pili. Siku ya pili pilau. Siku ya tatu nilikuwa nagawa, nikamsikia mzee mmoja akimuuliza mwenzake, "Leo bwana harusi ni nani?" Mwenzake akatazama sahani, akasema, "Nafikiri ni wewe, maana umepewa mnofu." Wakacheka kidogo, yule wa kwanza akaanza kulia palepale, wali mdomoni. Bi Zulfa aliyaona. Asubuhi akaenda kwa wanawake akawaomba wamfundishe macharari, zile ndizi zao na nyama. Kumenya ndizi hakukatazwi, moto ndio unaokatazwa. Wakaja wakakaa na visu vyao kumzunguka, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, wakamenya na kumwelekeza, na yeye akawa anawasha na kupika kwa niaba yao. Nilikuwa nachochea kuni nyuma yao nawasikia. Hawakuzungumza juu ya tetemeko. Walizungumza nani ameonekana na nani bado. Leo ameonekana mtoto wa fulani, chini ya mkaratusi. Leo ameonekana babu fulani, blanketi lake halijachanika. Walikuwa wanalitamka neno hilo, ameonekana, kama mtu anayetaja zawadi.

Kila aliyeonekana alizikwa kwenye migomba ya kwao, na kila nyumba iliyozika iliwasha moto. Ukisimama pale shuleni asubuhi ungeona moshi mmoja hapa, kesho mwingine pale, na foleni yetu ikipungua. Nilikuwa najiona shujaa mkubwa. Najua leo vijana wanapiga picha wakitoa msaada. Sisi hatukuwa na kamera, lakini moyoni nilikuwa napiga picha hizohizo.

Mama Eliaichi hakuja kwenye foleni hata mara moja. Alikuwa mjane, anakaa peke yake na binti yake mmoja, Eliaichi, msichana aliyeimba kwaya na kuchumbiwa. Asubuhi ya tetemeko Eliaichi alikuwa ameshuka korongoni kukata majani ya ng'ombe. Mteremko ulimkuta huko. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpelekea mama yake chakula nyumbani. Nyumba kubwa ilikuwa imelala kifudifudi. Jiko lake, kibanda cha mbao chenye bati, lilibaki limesimama, na humo ndimo alimokaa, kwenye kigoda, uso umeelekea mlangoni na mlango umeelekea korongoni. Mwanamke mwembamba, mrefu, sweta la bluu la umoja wa wanawake wa kanisani. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaitazama hotpoti niliyoshika.

"Umetoka nyumba gani?"

"Ya mjini, Mama."

"Kwenu hamjafiwa?"

"Hatujafiwa."

"Basi weka hapo," akasema.

Akawa ananiuliza hivyohivyo kila nikienda, kwa utaratibu uleule, na nilipomjibu ndipo aliponawa. Alikula taratibu bila kusifu, akaniuliza wameonekana akina nani leo. Nilimtajia. Akitajiwa mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama anayesikia wenzake wamefaulu mtihani. Nilimzoea. Kusema kweli zaidi ya kumzoea, nilianza kuvaa shati safi nikienda kule, na nikarefusha hadithi zangu za mjini ili nikae.

Kisha watu wakaacha kuonekana. Wachimbaji walirudi na majembe yao, wakasema korongo limeshikana kama saruji. Shirika likahamia kwenye mambo ya mabati na vyoo, Bi Zulfa akarudi Kaloleni kuokoa alichobaki nacho cha biashara, na kijiji kizima kikawa na moshi isipokuwa jiko moja. Majirani, kwa kuwa sasa walikuwa na moto, wakachukua zamu kumpelekea Mama Eliaichi. Mimi niliendelea kupanda mara mojamoja, nikiazima pikipiki ya mume wa Bi Zulfa, naiacha shuleni, namalizia kwa miguu. Kipupwe kikapita, kahawa ikachumwa. Ndipo nilipousikia mzozo. Nilikuwa nimekaa nje ya jiko nikingoja vyombo, upande wa pili wa migomba wakawa wamesimama Mzee Anaeli na mwinjilisti. Anaeli ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, kaka wa marehemu mume wa Mama Eliaichi. Alimzika mjukuu wake kwenye tetemeko lilelile, kwa mikono yake. Alikuwa akisema kwamba zamani mtu akipotea porini ulikatwa mgomba, ukavishwa shuka, ukazikwa, msiba ukafungwa. Mwinjilisti akasema kanisa halina ugomvi na mgomba, litaombea udongo wowote. Ugomvi ni mama mwenyewe. Ameulizwa mara ngapi? Anaeli akasema ameulizwa mpaka ameacha kujibu. Jibu lake la mwisho lilikuwa kwamba mgomba haukuimba kwaya.

Hapo kuna jambo lazima nilieleze, maana mtu wa mjini anaweza kumwona yule mzee mkatili. Msiba ukiwa wazi, ukoo wote uko msibani. Hawaoi, hawaolewi, hawabatizi kwa sherehe, nyumba mpya haiingiwi kwa furaha. Watu walikuwa wamepewa mabati ya msaada, wamejenga upya, vijana wao wanataka kuoa Desemba kama kawaida ya mlimani, na wote wanatazama jiko moja lisilo na moshi. Mwaka wenyewe ulikuwa wa kifo, na ule ukoo haukuruhusiwa kuanza kuishi. Wazee walikaa. Wakaamua kwamba zamu ya chakula ikome. Hawakuwa na chuki. Walihesabu kwamba akiona njaa atawasha moto mwenyewe, na akiwasha amezika. Wanawake waliotoka zamuni walilia, nilisimuliwa, lakini walitii.

Sasa mimi nani alinishauri? Hakuna. Nilipopanda nikamkuta amekonda, anakula parachichi na ndizi mbivu, damu ilinipanda. Nikamwambia Bi Zulfa, naye akasema jambo lile si letu, la kwetu lilikwisha. Nilimjibu kwamba mimi simwachi mtu afe kwa ajili ya harusi za watu. Nikawa nanunua nyama mwenyewe, napika mwenyewe, napanda wikiendi na katikati ya wiki. Nilijifunza macharari mpaka Wameru wenyewe leo wananiagiza mimi. Msingi wa biashara yangu yote, kama unataka kujua, ni zile hotpoti nilizompelekea mwanamke mmoja. Na kila nilipofika, ulikuwa ni utaratibu uleule: umetoka nyumba gani, kwenu hamjafiwa, basi weka hapo. Alinenepa kidogo. Alianza kunisimulia juu ya Eliaichi, alivyokuwa akichukia kumenya viazi, alivyomtania mchungaji. Alimsimulia kama mtu aliyechelewa kurudi.

Mzee Anaeli alinisimamisha njiani siku moja vuli ilipoanza. Alivua kofia kwanza, jambo ambalo lilinishangaza, mtu mzima kunivulia kofia kijana. Akanishukuru kwa yote, kwa jiko la shuleni, kwa kuni nilizopasua. Nikajua kuna neno nyuma yake. Akasema, "Wewe humlishi shemeji yangu, kijana. Unaulisha msiba. Sisi tumeshindwa kuufunga kwa sababu kila tukitaka kuufunga, wewe unaupelekea nyama."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ningekuwa na mama yangu nisingemfungia chakula. Hakukasirika. Akavaa kofia yake, akasema mwanawe alikuwa aoe Desemba na sasa wakwe wameshatuma ujumbe kwamba binti hatangoja mwaka wa pili. Akaenda zake. Nilipanda kilima nikimtukana kimoyomoyo, na mvua ikanipiga njia nzima.

Mara ya mwisho nilipanda nikiwa mgonjwa. Nilikuwa nimeamka na homa, kichwa kinapasuka, lakini mimi nilikuwa mtu wa kusema kwamba mvua ya Meru hainizuii, na nilikuwa nimelisema hilo mbele ya watu. Nilipofika kwenye jiko lake mchana, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migomba ya jirani haionekani, na mvua juu ya bati ilikuwa haikubali mtu asikie mwenzake. Niliweka hotpoti, nikataka kumjibu maswali yake, meno yakagongana, nikaanguka sakafuni. Nakumbuka vipande. Nakumbuka ananivua shati lililoloa, ananifunika sweta lake la kanisani, blanketi, kanga, gunia. Nakumbuka ametoka nje, anaita majirani kwa majina, jina moja baada ya jingine, na mvua inayala. Alirudi maji yanamtiririka. Akanishika paji la uso, akanishika miguu, miguu ilikuwa ya barafu. Akakaa kwenye kigoda chake. Kwa muda mrefu alitazama nje, huko korongoni, ambako hakukuonekana kitu.

Kisha akafungua mfuko wa nailoni nilimofungia sigara zisilowe, akatoa kiberiti. Kulikuwa na kuku ameatamia kwenye majivu, katikati ya mafiga, mahali pakavu kuliko pote mle ndani. Akamwondoa na mayai yake, taratibu, akamweka kwenye kapu. Akanyoosha mkono juu darini, akashusha kuni. Zilikuwa zimekauka mno. Nilimsikia akisema, wala sidhani alikuwa anasema nami, "Hizi alizikata Eliaichi."

Moto ulishika mara moja. Alifungua kiroba cha unga wa msaada kilichokuwa kimeshonwa vilevile tangu siku ya lori, akachekecha wadudu, akainjika uji. Mimi joto lilipoanza kunirudia nilifungua macho, nikaona mlangoni pamesimama watu. Sikuwasikia wakija. Moshi ulikuwa umepenya kwenye ukungu na wameuona, au wameunusa, wakaja kwenye mvua bila mwavuli, wanawake waliotoka zamuni, vijana, mwinjilisti, na mbele yao Mzee Anaeli ameshika kofia kifuani. Hakuna aliyevuka kizingiti. Wengine walikuwa nyuma kabisa, kwenye migomba, wamejipanga kama wanavyojipanga kaburini. Mwinjilisti akaanza kuomba, na katika maombi yake akalitaja jina la Eliaichi na kumwita marehemu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo nyumbani kwake. Mama Eliaichi hakugeuka. Aliendelea kukoroga.

Amina ilipoitikiwa alinijazia kikombe, akapiga magoti, akaninyanyua kichwa kwa mkono mmoja. Macho yake yalikuwa makavu. Aliniambia, "Kunywa. Mwanangu amezikwa leo."

Nimekula kwenye misiba mingi tangu pale, nimelisha mingi zaidi, na hakuna anayenizidi kazi hiyo katika mji huu. Uji ule ulikuwa umeungua chini, kwa sababu aliyeupika hakuwa akiutazama. Niliunywa wote, watu wakinitazama kutoka mvuani, nikawa mtu wa kwanza kula kwenye matanga ya Eliaichi, binti ambaye sikuwahi kumwona.